Punje ya Ishirini

Kibuyu cha maziwa kinaweza kukaa miaka mingi bila kutumiwa na kisipoteze harufu yake. Niligundua hivyo majuzi nikisafisha stoo ya mama, wiki ya tatu baada ya kumzika. Nilifungua kifuniko cha ngozi, nikanusa, na papo hapo nikawa darasa la sita tena, nimechuchumaa jikoni huku mama akisugua ndani ya kibuyu kwa kijinga cha mti wa senetwet, ule mkaa unaoyapa maziwa yetu rangi ya kijivu na ladha ya moshi. Nililia kidogo. Kisha, kwa kuwa mimi ni mtu wa kupekua, nikaendelea kupekua.

Chini kabisa ya sanduku la bati, lile alilokuja nalo alipoolewa, nilipata kopo la mafuta ya kupikia lililofunikwa kwa karatasi ya nailoni. Nilipolitikisa lilitoa mlio nilioujua. Zilikuwa punje za mahindi meupe, kila moja imeandikwa namba kwa kalamu ya buluu. Nilizimwaga mapajani, nikazipanga, nikapata kumi na tisa. Hilo halikunishangaza, maana ile ya ishirini najua ilipo tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Chini ya kopo kulikuwa na daftari la shule. Sikulifungua. Nilienda kwanza nikapika chai.

Mama alikuwa akifua na kupiga pasi nyumbani kwa meneja mmoja wa shamba la majani chai, mwendo wa saa nzima kutoka kwetu upande wa Sosiot. Familia ile iliporudi kwao Ulaya, mama alipewa katoni ya vitu walivyoshindwa kubeba: sufuria mbili, pazia moja lisilo na mwenzake, viatu vya mtoto ambavyo havikumtosha mtu yeyote, na kitabu kinene kisicho na jalada. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimeng'oka. Kilianzia ukurasa wa kumi na moja, katikati ya sentensi. Mama alikikusudia kwa kuwashia moto, nami nikakiokoa kwa sababu kilikuwa na picha.

Picha gani hizo! Kulikuwa na watu wa rangi ya majani mabichi ambao meno yao ya chini yalitokeza nje ya midomo. Kulikuwa na wengine wenye vichwa vya mbwa. Kulikuwa na wafupi wa mapangoni wenye masikio marefu. Majina ya kitabu yalitushinda kutamka, kwa hiyo tuliwabatiza wenyewe: Wenye Meno, Vichwa vya Mbwa, Masikio. Chini ya kila picha kulikuwa na orodha ndani ya kisanduku. Huonekana wangapi kwa mara moja. Makao. Chakula. Silaha. Mali. Tabia. Na kwenye tabia, karibu kila ukurasa, neno lilikuwa lile lile: waovu. Haikusemwa baadhi yao. Wote walikuwa waovu.

Sasa nyinyi wa rika langu mtanielewa nikisema kwamba orodha ile niliijua. Mnakumbuka kitabu chetu cha GHC, somo la jiografia, historia na uraia? Kila kabila la Kenya lilikuwa na kisehemu chake: walikotoka, wanakoishi, wanachokula, kazi yao, desturi zao. Sisi tulikuwa ukurasa wenye picha ya mwanamume aliyeshika mkuki, ambaye hakufanana na mtu yeyote niliyemjua. Mwalimu alitukaririsha: hawa ni wafugaji, wale ni wakulima, wengine ni wavuvi. Mjomba wangu mmoja aliwaogopa ng'ombe kabisa, hata ndama, lakini ungeandika hivyo kwenye mtihani ungepata sufuri.

Kwa hiyo niliamua, bila shaka hata kidogo, kwamba kitabu cha katoni kilikuwa GHC ya nchi nyingine. Sikuwa na mtu wa kuniambia kwamba kilikuwa kitabu cha mchezo, ule mchezo ambao watu huketi mezani, mmoja akasimulia, wengine wakajifanya mashujaa wanaoingia mapangoni. Hilo nililijua nikiwa mtu mzima, nilipokutana na vitabu vya ukoo ule kwenye duka moja Nairobi, nikasimama pale nikicheka peke yangu hadi mwenye duka akaniuliza kama nahitaji msaada.

Mtu wa kwanza kumwonyesha alikuwa Moraa. Tulikaa dawati moja tangu darasa la tatu. Wazazi wake walitoka Kisii kabla hajazaliwa, na baba yake alikuwa fundi wa cherehani pale sokoni, chumba cha pili kutoka posho mili, kile kinu cha kusaga unga. Nusu ya shule yetu ilivaa nguo alizoshona yeye. Moraa alikuwa na kitu ambacho hakuna mwingine darasani alikuwa nacho: kamusi ya Kiingereza, kubwa, yenye kona zilizoliwa na panya. Mimi nilikuwa na kitabu, yeye alikuwa na kamusi. Hatungeweza kukwepana.

"Hii nchi iko wapi?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Ulaya. Kwa kina meneja."

"Na mbona meneja hakuwa na meno ya nje?"

"Yeye si wa kabila hiyo."

Alifikiria, akakubali. Tulikuwa na akili sana sisi, msione hivi.

Mahali petu palikuwa kituo cha majani, kile kibanda cha mabati na mbao ambapo wakulima walileta chai yao kupimwa. Siku ambazo lori halikuja, kibanda kilikuwa chetu. Meza ndefu za kumwagia majani zilibaki wazi, ndoano ya mizani ilining'inia bila kazi, na harufu ya majani ya jana ilikuwa imeingia kwenye mbao zenyewe. Mvua ya saa nane ilipoanza, tulijisogeza katikati ya meza tukaendelea kusoma. Moraa alitafuta maneno, mimi niliandika pembeni kwa penseli.

Mwisho wa kitabu kulikuwa na ramani ya kilima kilichotobolewa vyumba ndani, kila chumba na namba yake. Maelezo yalisema uingie, useme unafanya nini, kisha urushe kitu chenye pande ishirini kuona kama umefaulu. Kitu chenye pande ishirini! Tulijaribu kukichonga kwa kiazi tukashindwa. Ndipo Moraa akaja na punje ishirini za mahindi ya mbegu ndani ya kopo, akaziandika namba. Ukitaka kuruka shimo, unaingiza mkono bila kuangalia. Ukitoa kumi na saba, umeruka. Ukitoa tatu, umevunjika mguu. Tukaelewa kwamba haya yalikuwa mazoezi ya mwisho wa kitabu, na kwamba watoto wa kizungu hufanya mtihani wa GHC kwa kucheza. Niliwaonea wivu mpaka nikakosa hamu ya kula.

Tuliingia kilima kile wiki baada ya wiki. Tuliua Wenye Meno wengi sana, nakiri. Tulifika chumba cha saba siku moja ya mvua kubwa, na Moraa ndiye aliyekuwa akisoma. Alisoma polepole, kidole kwenye kamusi. Chumba cha saba kilikuwa cha watoto. Kumi na wawili. Hawapigani, kitabu kilisema, wanajificha nyuma ya ngozi zilizoangikwa ukutani. Na mbele kidogo kiliandika ni alama ngapi unapata kwa kila mmoja ukimmaliza.

"Hawa wamefanya nini?" Moraa akauliza.

"Ni waovu. Angalia kwa tabia."

"Hata huyu mchanga?"

"Si imeandikwa wote?"

"Nani aliandika? Alienda kuwauliza?"

Nilisema kitabu ni kitabu.

"Basi mimi hapa sichomoi," alisema, akafunika kopo kwa kiganja. "Na naweka sheria. Mtu akitoa ishirini, hakuna kupigana. Huyo kiumbe anaongea, na sisi tunanyamaza mpaka amalize."

"Hiyo sheria haiko kwa kitabu."

"Kurasa za mbele zimepotea. Labda ilikuwa huko."

Nani angebishana na hilo? Sheria ikapita. Siku chache baadaye nilitoa ishirini mbele ya mlinzi mmoja wa Wenye Meno, mkubwa, mwenye rungu la chuma. Moraa akashusha mabega, akabadilisha sauti, akawa yeye. Alisema pango linavuja. Alisema mkewe ana homa tangu Jumapili, na akauliza kama katika mizigo yetu tulikuwa na chumvi. Nilinyamaza kama sheria ilivyotaka. Alipomaliza hatukuweza tena kumpiga rungu, na ilibidi tuzunguke kupitia chumba cha nne.

Lakini kilichonishangaza zaidi katika kitabu kile kilikuwa nchi yenyewe. Watu wa kawaida, wale mashujaa, walikaa kwenye nyumba za mawe zenye minara, na jua liliwaka. Viumbe walikaa ng'ambo ya mto, kwenye vilima vya kijani, ukungu asubuhi, mvua kila alasiri, msitu mweusi juu. Nilitoa kichwa nje ya kibanda nikaangalia. Vilima vya kijani, ukungu, mvua ya kila alasiri. Na nyumba zao! Za mviringo, za udongo, zimeezekwa nyasi, moshi ukitoka katikati ya paa, ngao na mikuki mlangoni. Ilikuwa nyumba ya bibi yangu.

Leo najua ningepaswa kukasirika. Wakati ule nilifurahi kupita kiasi. Hakuna kitabu kingine kilichowahi kuchora kwetu. Nilikimbia nacho hadi kwa bibi, tuliyemwita Kogo, ambaye bado alilala kwenye nyumba yake ya nyasi nyuma ya yetu ya mabati na hakutaka kusikia habari za kuhama. Alikiweka kitabu mbali na macho, kisha karibu, kisha mbali tena.

"Aliyeezeka hii alikuwa na haraka," alisema kwa Kikipsigis. "Mvua ya kwanza itaingia."

"Kogo, hawa ni viumbe. Wanaiba ng'ombe."

"Basi ni wanaume."

"Hapana, ni viumbe! Ona meno."

"Wana nyumba, wana moto, wana ng'ombe. Ni watu wenye meno mabaya. Hata babu yako alikuwa na meno mabaya."

Nilijaribu njia nyingine. Nilimuuliza kuhusu chemosit, yule jitu wa hadithi zetu mwenye mguu mmoja na mdomo unaowaka mwekundu kama taa, aliyetutia baridi tulipokuwa wadogo. Nilikuwa nimeanza daftari langu mwenyewe la viumbe, nimechora visanduku kwa rula, na nilitaka kumwingiza.

"Wako wangapi, Kogo?"

Alinichapa kidogo mkononi. Kwetu, kama mnavyojua, wenye pumzi hawahesabiwi. Hutasimama zizini ukaanza moja, mbili, tatu. Hutawahesabu watoto wa jirani. Mama mwenyewe akiulizwa ana watoto wangapi alitaja majina tu.

"Unauliza wangapi, kwani unataka kuwapunguza?" Kogo alisema. "Andika huyu mmoja ninayemjua mimi. Wengine siwajui."

Nikaandika: Chemosit. Idadi: mmoja, anayejulikana na Kogo. Niliona ni jibu la mzee asiyesoma, lakini niliandika.

Daftari likanoga. Niliingiza fahali wa jirani, mbwa wa posho mili, na mwalimu wa hesabu, ambaye silaha yake ilikuwa mpira wa baiskeli. Kila kitu duniani kilikubali kuingia kwenye kisanduku. Nilikuwa nikitembea nikimtazama mtu, na kichwani najaza: makao, chakula, silaha, tabia. Nilitaka kuujua ulimwengu wote na nilidhani nimepata njia ya mkato.

Mwaka ule redio ilizungumza kila siku habari za vyama vingi, na watu wazima walipunguza sauti tulipoingia. Alhamisi wanawake wa kanisa walikutana jikoni kwetu. Waliomba, wakaimba, wakanywa chai, kisha maneno yakaanza. Walikuwa na jina moja: watu wa ng'ambo ya mto. Hao watu wa ng'ambo, mmoja alisema, wanazidi kuja kila mwaka. Mwingine akasema wanakalia mashamba ambayo si yao. Mwingine akataja uchawi, akaeleza wanauficha wapi, na jikoni nzima ikacheka, mama akiwemo. Mimi nilikuwa kwenye kona nikichambua maharagwe, na masikio yangu yalisimama. Ng'ambo ya mto! Kama kwenye kitabu!

Niliandika usiku huo huo kabla ya kusahau. Watu wa Ng'ambo. Idadi: wengi, wanaongezeka. Makao: mashamba ya wengine. Silaha: dawa. Kazi niliacha wazi kwa sababu hakuna aliyeitaja. Kwenye tabia sikusita. Nilinakili neno la kitabu, kisha nikalipigia mstari kwa rula, mara mbili, ili lipendeze.

Msiniulize jinsi gani sikuona. Nimejiuliza mwenyewe. Watu wa Ng'ambo walikuwa kichwani mwangu pamoja na Wenye Meno, mbali sana, kwenye nchi ya picha. Moraa alikuwa Moraa. Alikaa kushoto kwangu na kutafuna kifutio changu.

Juma lililofuata tulikuwa kituo cha majani. Aliomba daftari atazame nilivyomchora mwalimu wa hesabu. Alicheka, akafungua ukurasa wa pili, akacheka fahali. Akafungua mwingine. Nilikuwa nikichanganya punje kwenye kopo, na nilijua kuna jambo kwa sababu mvua ilisikika ghafla.

"Chebet. Hawa ni nani?"

"Ni watu wa ng'ambo ya mto."

"Baba yangu amezaliwa ng'ambo ya mto. Mto gani mwingine uko hapa?"

"Si nyinyi. Ni wale wengine."

"Wale wengine gani?"

Nilitafuta uso wa hao wengine. Nilitafuta kwa bidii, naapa. Nilipata mama mboga wa sokoni, mwalimu wetu wa muziki, na baba Moraa mwenyewe na futi yake shingoni. Hakukuwa na wengine.

Moraa hakulia. Aliuliza swali moja tu, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli.

"Sasa mimi niko chumba cha saba?"

Kisha akaingiza mkono kwenye kopo, akakoroga mpaka akapata alichotaka, akakifumbata. Alichukua daftari akaliweka ndani ya sweta na kutoka kwenye mvua. Kitabu kikubwa alikiacha mezani pamoja na kamusi yake. Nyumbani nilimwaga punje kitandani, nikahesabu mara tatu. Ishirini haikuwepo.

Kesho yake dawati lilikuwa na nafasi kushoto, na siku iliyofuata vile vile. Niliogopa mambo mawili: kwamba baba yake amesoma, na kwamba Moraa hatacheza nami tena. La pili lilinitesa zaidi, nalisema bila kujipamba. Nilibeba kamusi yake kwenda na kurudi shuleni nikitumaini nitampa. Jumapili nilikataa chakula, na mama, aliyekuwa akisugua kibuyu, akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia yote. Nikamsomea kisanduku kizima kwa kichwa, kama shairi la shule.

Kijinga kikasimama ndani ya kibuyu.

"Nani alikufundisha maneno hayo?"

"Nyinyi. Alhamisi. Na wewe ulicheka."

Nilingoja kofi. Mama alitazama mlangoni, ulikotokea moshi. Alikuwa na mkaa hadi kwenye kiwiko. Alimaliza kusugua kibuyu chake, akakipuliza vumbi, akajaza maziwa, akaziba. Kisha akasema nivae viatu, na nilete kamusi ya wenyewe.

Sokoni tulimkuta baba Moraa akifungua skrubu za cherehani. Kichwa cha mashine kilikuwa tayari kimelala kwenye gunia, na meza yake imegeuzwa miguu juu. Alimsalimu mama kwa lugha yetu, kama siku zote.

"Chamgei, mama Chebet."

"Chamgei." Mama hakuketi. "Baba Moraa, huyu mtoto ameleta maneno mabaya kwako. Lakini maneno si yake. Yametoka kwa jikoni yangu."

"Nimesoma," alisema.

Alifuta mikono kwa kitambaa. Aliponitazama nilitamani ardhi ipasuke. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye pini mbili tatu kwenye ukosi wa shati, na sauti yake haikupanda.

"Mwandiko wako ni mzuri. Sasa hapo kwa kazi, mbona umeacha wazi? Ni fundi wa nguo. Hiyo gauni umevaa nimeshona mimi. Ile ya kwanza pia, ukiingia nasari."

Nilitazama gauni langu la buluu. Mishono ilikuwa midogo na iliyonyooka. Mama alimpa kibuyu, kile kile, kimejaa, akasema ni cha watoto. Baba Moraa alikipokea kwa mikono miwili, akamimina maziwa kwenye sufuria, akakisuuza na kumrudishia, akasema Moraa na mama yake waliondoka Jumamosi, wako kwa nyanya yake, na yeye atawafuata na mashine.

"Ni mpaka mambo yapoe tu," alisema.

"Yatapoa," mama akasema.

Alitoa daftari chini ya gunia, limefungwa kwa gazeti. "Amesema usome ukifika nyumbani." Kamusi akaiweka juu ya mashine, ndani ya gunia lile lile.

Kwingine nyumba za watu wa makabila mengine zilichomwa mwaka ule; mtaani kwetu hakuna kilichoungua, nashukuru, lakini hawakurudi. Chumba cha pili kutoka posho mili kikawa cha kinyozi. Gauni langu lililofuata lilinunuliwa Kericho, na mishono yake ilifumuka kwapani muhula wa kwanza. Daftari nilisoma mara moja tu, nikampa mama pamoja na kopo la punje, naye akalisoma amesimama kisha akaenda kuliweka. Sikujua aliliweka na vitu vyake vya harusi. Ninachojua ni kwamba tangu hapo, Alhamisi, maneno yale yalipoanza, mama aliinuka kwenda kuangalia ng'ombe, hata ng'ombe wakiwa wametoka kukamuliwa. Baada ya muda wanawake wakahamishia mkutano nyumba nyingine.

Chai imepoa. Daftari nimelifungua sasa.

Kisanduku changu kipo, na kwenye kazi kuna maneno ya wino mweusi, mkono wa mtu mzima, bila shaka wa baba Moraa: fundi wa nguo. Ukurasa unaofuata ni wa Moraa, kwa penseli. Amechora kisanduku kwa rula kama nilivyokuwa nikifanya.

Chebet. Idadi: mmoja. Makao: nyumba ya mabati juu ya kituo cha majani. Chakula: ugali, maziwa ya moshi. Anagawa. Silaha: kalamu. Mali: kitabu bila kurasa za mbele, Kogo.

Kwenye tabia hakuandika neno. Amepashonea punje ya ishirini, imezungushwa uzi wa buluu mara nyingi na kukazwa nyuma ya karatasi kwa fundo la kifundi. Ni uzi ule ule wa gauni langu.

Sheria yake niliijua hata wakati ule. Ukitoa ishirini, hakuna kupigana, kiumbe anaongea na wengine wananyamaza mpaka amalize. Alikuwa na miaka kumi na miwili, amebebwa juu ya magunia kuondoka mahali alipozaliwa, na bado akanipa zamu yangu. Nami sikusema. Mwanzoni niliona aibu, baadaye nikawa na shughuli, kisha nikajiambia amesahau. Fukusi wametoboa punje katikati, lakini uzi haujaachia.

Basi ninaongea, Moraa. Maneno yalitoka kwa wakubwa, hilo mama alilisema na ni kweli. Ila hakuna aliyenishika mkono. Niliandika mimi, nikachukua rula, nikalipigia neno lile mstari mara mbili ili lipendeze.